Sailensa Inayopanda na Kushuka: Niliyojifunza kwa Pikapu ya Dizeli ya Kigoma

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 3L, ile ya lita 2.8 na silinda nne, isiyo na turbo wala kompyuta ya kuiongoza. Nataja jambo hilo mapema kwa sababu ndilo lililonisaidia kuliko lingine lolote. Katika injini ya namna hii, kinachobadilisha mzunguko bila dereva kukanyaga ni lazima kiwe mafuta, au hewa iliyoingia pasipotakiwa, au vyuma na waya vinavyounganisha kanyagio na pampu. Hakuna sensa ya kushukiwa, na hakuna taa ya dashibodi ya kubishana nayo. Orodha ya washukiwa ni fupi, na mtu anayeipitia kwa utaratibu anaweza kufika mwisho wake hata akiwa na spana chache tu.

Dalili yenyewe ilikuwa hivi: gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru na mguu ukiwa nje ya kanyagio, injini ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, kwa mpangilio uliorudiarudia kila baada ya sekunde moja au mbili. Mafundi wa hapa Kigoma huuita mzunguko huo wa injini isiyokanyagwa sailensa, nami nitatumia jina hilo. Kwa injini hii sailensa inapaswa kutulia kati ya mizunguko 700 na 800 kwa dakika. Dashibodi ya pikapu yangu haina mshale wa kuonyesha mizunguko, kwa hiyo nilitegemea sikio. Lakini hata mtoto aliyepita barabarani aligeuka kuitazama, kwa kuwa ilinguruma mithili ya dereva anayechezea mafuta.

Jambo la kwanza nililotaka kulijua ni kama injini inatetemeka au inapanda na kushuka, maana watu wengi huyachanganya mambo hayo mawili na kuishia kununua vifaa visivyohusika. Silinda moja ikiwa dhaifu, kwa mfano nozeli, yaani kifaa kinachonyunyizia mafuta ndani ya silinda, ikiwa imeziba au mbano ukiwa umepungua, injini hutikisika kwa mapigo ya haraka yanayofuatana, huku sauti yake ikibaki palepale. Hapo njia ya kumtafuta mgonjwa ni kulegeza kidogo nati ya bomba la nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiwa inaunguruma, na kusikiliza ni silinda ipi ambayo kuikatia mafuta hakubadilishi kitu. Kazi hiyo huhitaji kitambaa na tahadhari kubwa, kwa sababu dizeli inayotoka kwenye bomba hilo ina shinikizo la kutisha, na ile inayotoka kwenye ncha ya nozeli inaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Pikapu yangu haikuwa ikitikisika. Kila silinda niliyoikatia mafuta ilibadilisha mlio kwa kiasi kilekile. Nozeli nikaziacha.

Fundi kijana ambaye kwa kawaida hulihudumia gari langu, katika gereji moja ya Mwanga, hapa hapa Kigoma, alisikiliza kwa muda mfupi akatoa hukumu.

“Mwalimu, hapa pampu imechoka. Gavana imekufa. Tuishushe, tuitume Mwanza ikapimwe.”

Hakuwa mjinga, na nataka hilo lieleweke. Dalili ya kupanda na kushuka kwa mpangilio ni dalili ya gavana kweli, yaani kile kifaa cha ndani ya pampu kinachodhibiti kasi ya injini, na mtu yeyote aliyeona ndani ya pampu ya dizeli ya aina ya mzunguko angeanza kufikiria hapo. Ndani ya pampu hiyo kuna vyuma vizito vinavyozungushwa na mhimili wake. Injini ikienda kasi, vyuma hivyo hutanuka kwenda nje, husukuma wenzo, na wenzo husogeza kola inayopunguza mafuta. Injini ikipungua kasi, springi huurudisha wenzo na mafuta huongezeka. Wazo hilo ni la zamani sana: James Watt alilitumia kwenye injini za mvuke mwaka 1788, na James Clerk Maxwell alikwisha kuandika mwaka 1868, kwa hesabu, kwa nini chombo cha namna hiyo wakati mwingine hushindwa kutulia na kubaki kikivuka kiwango kwenda juu na chini bila kikomo. Nafundisha fizikia, kwa hiyo msomaji anisamehe kwa kuyaingiza hayo. Maana yake kwa gereji ni moja: gavana hurekebisha kwa kuchelewa kidogo, na kitu chochote kinachokatizakatiza mafuta huilazimisha irekebishe kupita kiasi. Upepo, kama mafundi wanavyoiita hewa iliyoingia ndani ya mafuta, ukipita, injini hukosa mafuta kwa nukta moja na kushuka, gavana huongeza, mafuta kamili yanarudi wakati huohuo, injini inaruka, gavana inapunguza, na upepo mwingine unapita. Kwa hiyo gavana nzima kabisa, ikilishwa mafuta yenye upepo, itacheza kama gavana mbovu.

Ndiyo maana sikukubali pampu ishushwe. Bei ya kuifungua na kuipima ingekula sehemu kubwa ya mapato ya kahawa ya familia, na pampu ikishafunguliwa haiwezekani tena kujua ilikuwa na hali gani ilipokuwa imefungwa.

Nilianza na mambo ambayo hayagharimu chochote. Waya wa kanyagio ulikuwa unarudi vizuri, na wenzo wa pampu uligusa skrubu yake ya kusimamia kila mara mguu ulipotolewa. Ila skrubu hiyo ilikuwa imekazwa kuliko inavyostahili: mtu fulani, wakati fulani, alikuwa amepandisha sailensa ili injini isizime inaposhuka. Dawa hiyo ni ya kawaida sana katika gereji zetu, nami naichukia kwa dhati, kwa kuwa inaficha ugonjwa bila kuutibu na inamnyima anayefuata ushahidi. Niliirudisha chini. Injini ikawa inazima yenyewe mara mojamoja, lakini angalau sasa ilikuwa ikisema kweli.

Halafu nikajiuliza maswali ya lini na wapi. Njia yangu ya kila msimu ni kupanda kutoka mjini kupitia Mwandiga hadi Kalinzi, ambako ndugu zangu wana mashamba ya kahawa, na kurudi na mzigo. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Kalinzi viko juu zaidi kwa mamia ya mita, kwa hiyo shemeji yangu alidai kwamba hewa nyepesi ya mlimani ndiyo inayosumbua. Hoja yake ilikufa mara moja, kwa sababu gari lilipanda na kushuka vilevile likiwa limeegeshwa kando ya mwalo wa Kibirizi. Wengine walisingizia mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Uchakachuaji huo uliwahi kuwa tatizo kubwa nchini, hadi serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuua faida yake, lakini hasara yake kuu ni kuinyima pampu ulainisho na kuichakaza taratibu. Haiifanyi injini icheze leo na itulie kesho.

Na yangu ilitulia baadhi ya siku, ndipo nilipopata kitu cha kushika. Niliporudi nyuma katika daftari langu la mafuta, ambalo naliandika kwa tabia ya ualimu tu, niliona kwamba siku za utulivu zilikuwa siku za kujaza tenki. Likishapungua hadi karibu na nusu, mchezo ulianza. Pampu iliyokufa haiwezi kujua tenki lina lita ngapi.

Kuna mzee mmoja wa jirani ambaye zamani alikuwa fundi wa injini za treni za dizeli, hapa ambapo Reli ya Kati inakomea. Nilimwendea jioni, nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho kabla ya kuuliza swali moja tu.

“Mwanangu, umeona dizeli ikivuja mahali?”

“Hapana, mzee. Nimepangusa kila kiungio, na vyote ni vikavu.”

“Basi usitafute palipolowa. Panaposukuma ndipo panapotoa tone. Panapovuta hapatoi kitu; panaingiza.”

Katika maneno hayo kulikuwa na nusu ya kazi nzima. Kutoka tenkini hadi kwenye pampu, mafuta hayasukumwi. Yanavutwa na pampu yenyewe, kupitia bomba la chuma lililo chini ya gari, kisha mipira, kisha filta yenye pampu ya mkono juu yake. Tundu dogo popote katika njia hiyo hunyonya hewa injini inapofanya kazi, sawasawa na mrija wa soda uliotoboka, na upande wa nje hubaki mkavu kabisa. Tulikuwa tumezoea kukagua mfumo wa mafuta kwa kutafuta unyevu, na unyevu ni ushahidi wa upande mwingine, ule wa baada ya pampu.

Kesho yake nilinunua kipande cha mpira mwangavu, ule ambao mafundi ujenzi huutia maji na kuutumia kupimia usawa wa ukuta. Tuliuweka mahali pa mpira mweusi kati ya filta na pampu, na kipande kingine kwenye njia ya kurudi. Mpira wa namna hiyo haufai kuachwa kwenye gari, kwa kuwa dizeli huukausha na kuufanya ukakamae, lakini kwa kipimo cha muda mfupi hauna mshindani. Tulipowasha injini, mapovu yalionekana yakipita kuelekea kwenye pampu, madogo na mfululizo, na mara kwa mara moja kubwa lenye urefu wa kidole. Kila kubwa lilipofika, injini ilishuka. Fundi kijana aliangalia kwa muda mrefu bila kusema neno. Kama mpira wa kuingilia ungekuwa safi na mapovu yakawa kwenye njia ya kurudi peke yake, ningekubali kwamba pampu na viungio vyake ndivyo vya kushukiwa. Hapa upepo ulikuwa ukifika pampuni tayari umo ndani ya mafuta.

Hata hivyo nilitaka uthibitisho wa upande wa pili, kwa sababu inawezekana kabisa pampu ikawa mbovu na njia ikawa mbovu kwa pamoja. Tulichukua dumu safi la maji ya kunywa, tukalijaza dizeli iliyochujwa, tukalifunga imara mahali palipo juu zaidi ya pampu na mbali na eksozi. Mpira wa kuingilia pampu tuliutumbukiza humo moja kwa moja, tukiziruka filta na njia nzima ya nyuma. Mpira wa kurudi nao tuliutia katika dumu hilohilo. Hili la mwisho husahaulika mara nyingi: pampu ya aina hii hupokea mafuta mengi kuliko yanayochomwa, na ziada hurudi, kwa hiyo asiyerudisha mpira huo dumuni atakuta dumu limekwisha na mafuta yake yako kwenye tenki la gari. Tulitoa upepo, tukawasha. Kwa muda mfupi injini ilikohoa, kisha sailensa ikakaa mahali pamoja na haikusogea. Tuliiacha hadi ikapata joto la kawaida. Tukaikanyaga na kuiachia ghafla. Ilirudi chini, ikatulia.

“Mwalimu, pampu haina kosa,” fundi akasema, na kuanzia hapo tulifanya kazi kwa moyo mmoja.

Sasa eneo la kutafuta lilikuwa kutoka tenki hadi filta, na nusu yake ya mbele ndiyo rahisi kufikiwa. Tulipeleka mpira mwangavu nyuma ya filta, yaani kabla mafuta hayajaingia humo. Mapovu yakawepo, ila machache kuliko yale tuliyoyaona mbele. Tofauti hiyo ilitufahamisha kwamba kuna mahali pawili pabovu, pamoja pakiwa kwenye filta au karibu nayo. Kwa hilo tulitumia mbinu nyingine ya yule mzee, ambayo ni kugeuza mvuto kuwa msukumo. Tuliziba upande mmoja wa njia, upande wa pili tukaufunga pampu ya baiskeli, tukapiga taratibu mara chache tu, kwa shinikizo dogo ambalo haliwezi kupasua kitu, huku tukipaka povu la sabuni kwenye kila kiungio. Sehemu ambayo ilikuwa kavu wakati wote ilianza kutoa viputo. Ilikuwa ni ncha ya mpira unaoingia kwenye kichwa cha filta: kwa nje ulionekana mzima, lakini chini ya klipu ulikuwa umekakamaa na kupasuka nyufa za urefu, na kukaza klipu kulizidi kuzifungua. Tuliweka mpira mpya wa dizeli, siyo wa maji, pamoja na klipu mpya na oringi ya filta.

Gari likawa bora, na mtu mwenye haraka angeishia hapo. Lakini tenki lilipopungua, mchezo ulirudi, safari hii ukiwa mdogo. Sikushangaa. Ufa wa kwenye filta hauhusiani na kiasi cha mafuta tenkini, kwa hiyo ile dalili ya daftari ilikuwa bado haijapata maelezo yake. Bomba la chuma chini ya gari tulilipima kwa sabuni na lilikuwa zima, ingawa kutu ilikuwa imeanza pale linaposhikwa na vibano, ambapo tope hukaa muda mrefu.

Ilibidi tushushe tenki. Tulisubiri likaribie kuisha, maana tenki lililojaa ni mzigo wa kuvunja mgongo, tukalitegemeza kwa jeki na mbao. Bomba la kuvutia mafuta limeshuka kutoka kwenye kifuniko cha juu hadi karibu na sakafu ya tenki. Sehemu yake ya chini, ambayo hukaa ndani ya dizeli muda wote, ilikuwa inang'aa. Katikati, pale ambapo mafuta hupanda na kushuka na unyevu wa hewa hukaa, kutu ilikuwa imelila, na palikuwa na tundu ambalo sindano ingepita. Tenki likijaa, tundu linazama na kuvuta dizeli, wala hapana madhara. Mafuta yakishuka chini yake, linavuta hewa.

Tulilitenganisha bomba, tukalisafisha, likapelekwa peke yake kwa fundi wa kulehemu ambaye alikata kipande kilicholiwa na kuunga kingine kwa shaba. Nasisitiza kwamba bomba lilikwenda peke yake. Wapo wanaopeleka tenki zima kwenye moto, wakiamini kwamba dizeli haiwaki kirahisi. Mvuke uliobaki ndani ya tenki tupu ni hatari kuliko tenki lenye mafuta, na hakuna akiba ya fedha inayolingana na hatari hiyo. Tulipolirudisha tulisafisha na matope yaliyokuwa sakafuni, tukapiga pampu ya mkono hadi ikawa ngumu, tukawasha. Mpira mwangavu ulibaki umejaa dizeli tupu bila povu hata moja, na uliendelea hivyo hadi tenki lilipokaribia kuisha. Ndipo tukauondoa na kurudisha ule mweusi.

Nisingependa mtu mwenye pikapu ya petroli ayachukue haya kama yalivyo. Shemeji yangu wa Ujiji, yule mwenye nadharia ya hewa ya mlimani, ana Hilux ya petroli yenye injini ya 22R-E, nayo baadaye ilianza kupanda na kushuka ikiwa imepata moto. Aliniletea akiwa na mpira mwangavu mkononi. Kwa injini ile sababu inaweza kuwa kinyume kabisa. Chini ya chombo chake cha kupitishia hewa kuna vali yenye nta, inayopashwa joto na maji ya rejeta. Injini ikiwa baridi, vali huachia hewa ya ziada ili sailensa iwe juu. Maji yakipata joto, nta hutanuka na kuifunga. Maji yakipungua, au upepo ukinaswa katika mpira wake mwembamba, vali haipati joto na hubaki wazi. Sailensa hupanda kupita kiasi, kompyuta inaona mguu hauko kwenye kanyagio lakini mzunguko ni mkubwa, inadhani gari liko kwenye mteremko na kukata petroli. Mzunguko unashuka, inarudisha petroli, na mambo yanaanza upya. Tuliongeza maji, tukatoa upepo kwenye rejeta huku mdomo wake ukiwa umeinuliwa, na injini ikatulia siku hiyohiyo. Hakulipa hata shilingi, jambo ambalo amemsimulia kila mtu, ila lile la hewa ya mlimani halitaji.

Kwenye pikapu yangu limebaki jambo moja dogo. Nikiiegesha usiku kucha mbele ikiwa imeinuka, kama inavyonilazimu kwenye kiwanja cha kaka yangu kule Kalinzi, asubuhi huchelewa kuwaka hadi nipige pampu ya mkono kidogo, ingawa ikishawaka sailensa yake haichezi. Mafuta yanarudi tenkini wakati wa usiku, na nadhani ni kwa sababu vali ndogo ndani ya pampu hiyo ya mkono haifungi tena sawasawa. Fundi ameagiza kichwa kipya cha filta pamoja na mzigo wake wa vipuri kutoka Mwanza. Hadi kitakapofika, nikifika Kalinzi naligeuza gari na kuliegesha kinyumenyume.